Fleti ya Kileleshwa au nyumba ya Buruburu?

Dada, umeuliza ununue fleti Kileleshwa ambayo bado iko kwenye ramani tu, au nyumba kuukuu Buruburu, zote mbili Nairobi, na una watoto wawili wadogo. Mimi ningeenda Buruburu.

Mtaa ule ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, nyumba zikizunguka kiwanja cha pamoja. Nimekaa huko. Mtoto wangu alijifunza baiskeli hapo nje nikimwangalia kutoka jikoni, na jirani akimwokota akianguka. Lakini kagua vizuri: viwanja vingine vimemezwa na maduka na vyumba vya kupangisha vilivyoongezwa mbele. Nenda jioni, uone magari yanaegeshwa wapi. Fungua mfereji wa maji pia, uone kama yanatoka.

Ukiamua fleti, usilipe amana kabla wakili hajapekua hati ya ardhi yenyewe. Sheria ya mwaka 2020 inaruhusu kila fleti iwe na hati yake, kwa hiyo mkataba useme utaipata lini. Uliza pia kiwanja cha jirani ni cha nani. Fleti niliyowahi kupanga ilikuwa na jua zuri sana sebuleni, hadi ghorofa nyingine ikainuka mbele ya dirisha. Tukawa tunawasha taa saa nne asubuhi.