Tumbo halisomi lebo ya chupa

SWALI: Ni miezi saba sasa nakunywa kijiko cha maji ya madini ya fedha kila asubuhi. Muuzaji ananihakikishia kuwa yake ni ya chembe za nano (vipande vidogo mno vya fedha), si ya ayoni (atomi za fedha zenye chaji ya umeme), hivyo hayawezi kunigeuza rangi ya ngozi. Eti chembe hupita tu. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na nakuomba uache leo. Maelezo haya ya "chembe salama, ayoni mbaya" huletwa kila mara kwenye dirisha langu la dawa, na yananikera kwa sababu yamevaa nguo ya sayansi.

Ayoni za fedha zikifika tumboni hukutana na kloraidi iliyomo kwenye asidi ya tumbo, na nyingi huwa kloraidi ya fedha, ambayo haiyeyuki kirahisi na hutoka na choo. Chembe nazo huliwa na asidi hiyo hiyo hadi zitoe ayoni. Kwa hiyo, hata ukianza na chembe, ayoni hufika kwenye damu, zikiwa zimeng'ang'ania protini. Kinachofyonzwa ni kidogo, hukadiriwa kuwa asilimia 10 au pungufu, na ini hurudisha sehemu kubwa utumboni kupitia nyongo. Lakini kinachosalia hujilimbikiza. Mwanga wa jua ukiipiga ngozi, ayoni hugeuka kuwa fedha ya metali tena, kama ilivyokuwa kwenye filamu za kamera, kisha metali hiyo hushikana na salfa. Yaani chembe zinazotia ngozi rangi ya kijivu zimeundwa humo humo mwilini! Jiangalie fizi na miezi ya kucha (nusu duara nyeupe kwenye shina la kucha), kwani huko rangi ya kijivu-bluu huwahi kujitokeza. Ikishaingia haifutiki yenyewe. Leza husaidia baadhi ya watu.

Wauzaji watakutajia krimu ya fedha ya hospitalini. Hiyo hupakwa juu ya majeraha ya moto, hainywewi. Mwili hauna kazi yoyote na fedha, na hakuna ugonjwa uitwao upungufu wa fedha. Tangu 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka kwamba dawa za fedha za kujinunulia hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu.

Linalonitia hofu zaidi ni anayeyachanganya maji haya na matibabu. Fedha inaweza kupunguza ufyonzwaji wa baadhi ya antibayotiki, zikiwemo za jamii ya tetrasaiklini, na hata dawa ya tezi ya shingo. Mgonjwa anameza dozi yake yote, haponi, na daktari hana habari ya chupa iliyoko nyumbani.