Mguu Wako Ukae Mbali na Hedi

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye benchi la klabu yetu ya boli za nyasi (lawn bowls, mchezo wa kuviringisha boli zikaribie kimpira kidogo kiitwacho jeki), kando ya rinki ya tatu, kikombe cha chai mkononi, nikawaona wanachama wetu wapya wanaokota boli huku mathadi wawili, wale wanaohesabia timu zao matokeo, wangali wamechuchumaa. Mmoja ameshaipakata ya kwake na anaipangusa kwa taulo. Thadi wa wageni akainua uso, akamtazama, akarudi kwenye hesabu yake bila kusema neno. Mimi ndiye niliyekaribia kuimwaga chai.

Nawapenda, vijana wangu. Mnakuja mapema, mnasalimia wazee, na mmoja wenu ana bekihendi nzuri kuliko yangu. Lakini yapo mambo tumeyasema hadi koo likakauka, kwa hiyo leo nayaandika.

1. Duara dogo ndani. Boli hupinda upande mmoja, na duara dogo lililo ubavuni ndilo linaonyesha upande huo. Kabla ya kuachia, litazame. Kila mtu hapa ameshawahi kuituma boli kwenye rinki ya jirani na kwenda kuomba radhi. Mara ya kwanza tutacheka nawe. Mara ya tatu siku hiyohiyo tutakucheka wewe.

2. Boli za kuazima kabatini zina namba, na namba si cheo. Zungusha vidole gumba na vidole vya kati vya mikono yote miwili kwenye boli. Vikikutana bila kujinyoosha, hiyo ndiyo saizi yako. Kuna kijana alishikilia namba 5 kwa sababu alidhani ndiyo ya wanaume, na kila endi, yaani kila mzunguko wa kucheza boli zote, boli ikimponyoka nyuma ya mkeka tunaposimama kuachia. Namba 5 haioteshi mtu ndevu.

3. Mwendo wa grini, yaani uwanja wetu wa nyasi. Mkisikia tunasema leo ni sekunde 10, au leo ni 13, tunahesabu muda wa boli kutoka mkononi hadi inaposimama mita 27 mbele. Sekunde zikiwa nyingi, grini ni ya kasi. Najua mnaona tumeigeuza juu chini, na kila mwaka nabishana na mtu kuhusu jambo hili. Fikirini hivi: nyasi zikiwa fupi na kavu unaigusa boli kidogo tu, inajiendea taratibu, na kwa kuwa iko njiani muda mrefu bayasi, ule mpindo wa boli, inapata wasaa wa kuivuta. Ndiyo maana mwezi wa pili jua likiwaka tunatafuta upana mkubwa, yaani tunalenga pembeni zaidi, na mkono mwepesi, na mwezi wa nne baada ya mvua ya usiku tunabana upana na kuongeza nguvu. Uingereza viwanja vingi vya nje huwa kwenye 10 hadi 12 hivi; New Zealand kupita 15 ni jambo la kawaida. Tulipata mgeni kutoka huko wakati wa masika, mchezaji mzuri sana, na endi zake za kwanza boli zote zilikata roho njiani, mbali na jeki na mbali na mstari wa katikati. Hakulalamika. Aliomba endi za majaribio, akapima, na kufikia chai alikuwa anatufundisha. Ninyi mkikosa mnalaumu mkeka.

4. Hedi, yaani jeki na boli zilizolala kuizunguka. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Boli ya mwisho ikisimama, endi bado haijaisha. Inaisha mathadi wakikubaliana ni shoti ngapi, yaani boli ngapi za upande mmoja ziko karibu na jeki kuliko yoyote ya wapinzani. Kabla ya hapo hakuna kuokota, hakuna kusukuma kwa kiatu, hakuna kupita katikati ya hedi kwenda kutafuta taulo lako. Na anayesimamia hedi akiisogeza boli ambayo hesabu yake haijakubaliwa, shoti inayobishaniwa wanapewa wapinzani. Hakuna rufaa, hakuna machozi.

Nayajua haya kwa gharama. Ilikuwa mechi ya wanne kwa wanne, endi ya mwisho, wapinzani wako mbele kwa shoti moja, nasi lazima tushinde. Sare haikuwa na faida yoyote kwetu. Mimi thadi. Skipa wetu, mzee aliyenifundisha kushika boli, alibaki na boli moja na hakuna mwingine wa kucheza baada yake. Akaja kwa bekihendi. Ikatoka pana hadi nikadhani imepotea, ikaanza kurudi, ikaipita boli fupi iliyokuwa inatuziba, ikalala kiganja kimoja kutoka kwenye jeki. Shoti moja tayari, haina ubishi. Sasa ya pili: boli ya sekondi wetu, mchezaji wa pili, kushoto, boli yao kulia, umbali karibu sawa kabisa.

Karibu sawa, nimesema. Mimi niliona mbili. Niliziona nikiwa nimesimama, hata goti sikukunja, kwa jicho la mtu ambaye ameshaanza kusherehekea. Thadi wao, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba shingoni, alikuwa bado anapapasa mfuko akitafuta tepu. Nikamwinulia skipa vidole viwili. Kisha mguu wangu wa kulia, ambao hadi leo hatujapatana vizuri, ukaisukuma ile boli yetu ya pili kuelekea mahali tunapozikusanya. Sikuwa na hila. Ni mazoea ya jioni za mazoezi, ambako kila mtu anachota boli kwa kiatu huku anaongea habari za bei ya mafuta.

Mwalimu akainuka, tepu mkononi, ameshaivuta kidogo. Akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi, “Tumekubaliana, kaka?”

Nilitafuta jibu, sikuliona. Kule kwenye mkeka mzee alikuwa ameanza kuja, kofia mkononi, anatabasamu. Rinki ni ndefu, jamani. Kadiri alivyokaribia ndivyo tabasamu lilivyopungua, kwa sababu kutoka mbali mtu huona ni nani amesimama wima na ni nani anatazama viatu vyake. Akafika, akaangalia pale boli ilipokuwa, nyasi bado zimelala. Hakuniuliza kitu. Akamwambia mwalimu, “Moja, Madam. Andika moja.”

Sare. Nikajua pia kwamba sitawahi kujua kama zilikuwa mbili. Pengine tepu ingesema ya kwao ndiyo ya pili, tukaenda nyumbani na matokeo yaleyale, nami nikalala usingizi. Nilimnyima kila mtu jibu, hata mwalimu, ambaye wakati wa chai alikuja kuniambia angependa kushinda au kushindwa kwa tepu kuliko kuokolewa na kiatu changu.

Mzee hakunigombeza. Msimu uliofuata alinipanga lidi, mchezaji wa kwanza, mwanzo hadi mwisho. Nilitandika mkeka na kurusha jeki hadi nikajua kila kovu la grini ile, na hesabu ikifika nilikuwa nasimama nyuma na wenzangu, mikono mgongoni. Nilipomuuliza nitarudi lini kuwa thadi, alisema nirudi nikiwa sina haraka.

Kwa hiyo ukiwa thadi: mikono nyuma, chuchumaa, na mwache anayepoteza ndiye aseme ngapi. Akisema moja nawe unaona mbili, toa tepu. Ondoeni zilizokubaliwa moja baada ya nyingine, kwa mkono, na kwa sauti. Ukiwa lidi au sekondi, hilo halikuhusu; kaa mbali.

5. Mengine kwa haraka. Soli bapa au peku, visigino hapana. Mpinzani akiwa mkekani, nyuma ya jeki hakuna kutembea wala kupiga simu. Tacha, boli iliyogusa jeki, itiwe chaki kabla boli inayofuata haijasimama. Ikianguka mtaroni bado ni hai, msiiokote. Na usimweleze skipa wewe ungeicheza vipi, hasa kama ameikosa.

6. Chai ni sehemu ya mechi. Mnashikana mikono, mnaketi na wapinzani wenu, mnanunuliana kinywaji. Ninyi mnakimbilia magari kana kwamba grini inawaka moto. Mchezo huu uko kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu ile ya kwanza ya 1930 kule Hamilton, Kanada, ukakosekana mara moja tu, mwaka 1966, na Wakenya wamekwenda kuucheza huko. Yule mzee wa kona ya dirisha ambaye mnamsogelea tu kumwomba nenosiri la waifai, siku moja muulizeni alivyokuwa anasoma grini ya ugenini. Mtachelewa kurudi nyumbani.

Jumamosi ijayo tuko ugenini. Gari linaondoka langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na halimsubiri anayepiga pasi suruali nyeupe dakika ya mwisho. Tepu mbili ziko kwangu, chaki leteni wenyewe. Mathadi nimeshawapanga, na yule mwenye taulo ni lidi.