Nilishona makoti 14 Dar es Salaam

Mwaka 2017 nilishona makoti 14. Makoti kwelikweli, yenye bitana, kola pana na mifuko ya ndani, kwa kitambaa kizito cha suti nilichokibeba Kariakoo kwa hela yangu ya mchezo. Ilikuwa Februari, chumba kimoja Sinza, feni imekufa, na mimi napiga pasi kola huku jasho linadondokea kitambaa. Sababu? Nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba wabunifu wa Ulaya wanaonesha kolekisheni za baridi, yaani mafungu ya nguo wanayoyatoa kwa msimu mmoja, nikajiambia mbunifu wa kweli huenda na misimu.

Mawili yalinunuliwa na dada mmoja aliyehamishiwa Makete, kule kwenye baridi. Moja nilimpa shemeji. Mengine niliishia kuyang'oa vifungo, nikavitumia kwenye magauni ya watu.

Wadogo zangu mnaoanza, mnaniuliza sana namna ya kutoa kolekisheni. Siku hizi namtaja Grace Wales Bonner, mbunifu wa mavazi wa London, ingawa kazi zake mimi mwenyewe nazijua kwa picha tu. Alizaliwa 1990, baba mwenye asili ya Jamaika, mama Mwingereza. Alimaliza Central Saint Martins, chuo cha sanaa na mitindo cha London, mwaka 2014, kazi yake ya kuhitimu akaiita Afrique, na mwaka huohuo akaanzisha lebo yake. Mwaka 2016 akachukua tuzo ya LVMH, kampuni kubwa ya Ufaransa ya bidhaa za kifahari: euro 300,000 pamoja na mwaka mzima wa kushikwa mkono na wataalamu wao. Najua macho yenu yameganda hapo kwenye euro. Yatoeni. Tazameni majina ya kolekisheni zake.

Ya kiangazi cha 2016 inaitwa Malik. Huyo ni Malik Ambar, mtoto wa Ethiopia aliyeuzwa utumwani, akavushwa Uarabuni hadi India, na mwisho akawa ndiye mwenye kauli katika usultani wa Ahmadnagar. Hadithi hiyo ni ya bahari yetu hii hii, lakini mimi nilikuja kuisikia kwa mshona suruali wa London! Baadaye ikaja Ezekiel, iliyotokana na kutawazwa kwa Haile Selassie. Lovers Rock inawarudia vijana wa Kijamaika wa London ya miaka ya 1970. Volta Jazz imetoka kwenye kazi za mpiga picha Sanlé Sory wa Bobo-Dioulasso, Burkina Faso. Na Marathon, ya kiangazi cha 2024, ni ya wakimbiaji wa masafa marefu wa Afrika Mashariki. Anahama Ethiopia, anakwenda Jamaika, anarudi kwetu, lakini kwa ninavyomsoma mimi swali lake halihami: mtu mweusi huvaaje anapotaka kuonekana kwa heshima yake? Msimu unampa tarehe tu.

Mimi 2017 sikuwa na swali lolote. Nilikuwa na makoti.

Na hizo tarehe zao zina hesabu yake. Nguo za baridi huoneshwa Januari na Februari. Za kiangazi huoneshwa Juni kwa wanaume na Septemba kwa wanawake. Ile miezi ya katikati ndiyo maduka yanatoa oda, kitambaa kinaagizwa, kiwanda kinashona, mzigo unasafiri. Mara nyingi duka hulipa baada ya kupokea mzigo, kwa hiyo mbunifu mdogo ndiye anayebeba gharama zote. Unaweza kufilisika huku oda zimejaa mezani.

Kwetu msimu ni Idi, ni harusi na sendofu, ni Krismasi. Mimi sasa nahesabu kwa kurudi nyuma: vitambaa nanunua Rajabu, sampuli zinatoka Shaabani, na ikifika katikati ya Ramadhani nafunga oda. Kumi la mwisho sipokei mtu hata aje analia. (Nadanganya. Mwaka jana shangazi alikuja usiku wa ishirini na saba, nikamshonea.) Na advansi ni nusu, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Hilo nilifundishwa na kamati moja ya harusi iliyoagiza magauni 9 ya sare. Harusi ikavunjika, simu zote zikazimwa, nikabaki na magauni ya rangi ya zambarau niliyoyauza kwa bei ya kitambaa.

Sasa nije kwenye kitu kilichonigeuza kichwa. Mwaka 2020 Wales Bonner alianza kushirikiana na adidas. Akachukua raba ya Samba, ambayo ipo miaka mingi, na ile mistari mitatu ya pembeni akaiweka ya kufuma kwa kroshia. Nilipoikuza ile picha nikaona kazi ya mama yangu. Vile vitambaa vyeupe vya kwenye makochi, vilivyopigwa wanga vikasimama, ambavyo watoto tulichapwa kwa kuviegemea.

Nikaenda nyumbani kumwomba anifumie mikono ya mashati. Kosa la kwanza: sikuhesabu siku zake. Mkono mmoja unamla siku tatu, na mimi nilikuwa nimepanga bei kama ya shati la kawaida, yaani nilikuwa namuuza mama bure. Kosa la pili: mikono ya kufuma niliishonea ikiwa mipya, haijafuliwa, kwenye kitambaa kilichokwisha kufuliwa. Mteja akafua mara moja, mikono ikajikunja, bega likavutika kama limeng'atwa. Kwa hiyo fueni kwanza, vyote viwili, mvianike vimelala, msivitundike kwenye kamba. Ndipo mpige mkasi.

La mwisho ni kuhusu ubishi wetu wa kutaka kufanya kila kitu wenyewe. Wales Bonner alipotaka suti za kiwango cha juu alishirikiana na Anderson & Sheppard, mafundi wa London wenye zaidi ya miaka 100 kazini. Mimi kola ya koti haijawahi kunikalia vizuri, hata yale 14 yalikuwa na kola zilizobinuka. Siku hizi koti likija nalipeleka kwa mzee mmoja Magomeni na namlipa bei yake bila kumlalia. Oktoba 2025 Wales Bonner alitangazwa kuongoza ubunifu wa nguo za kiume za Hermès, nyumba ya mitindo ya Ufaransa, na kolekisheni yake ya kwanza huko imepangwa Januari 2027. Huko nako anaingia kwenye kazi iliyoanzishwa na wengine, kama ambavyo hata Samba hakuibuni yeye.

Kolekisheni yangu ya Idi ijayo nimeiita Sebuleni. Mama anasema jina halina heshima, niite Barazani. Tunabishana, na huku mikono 6 tu kati ya 20 ndiyo iliyokamilika.