Vipimo vyote safi, lakini kisunzi hakiniachi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza khanga Ngamiani, Tanga. Siku chache baada ya Idi Ndogo nilikuwa nainuka kutoka kwenye sijda ya alfajiri, chumba kikazunguka hadi nikashika mkeka. Kilitulia upesi, ila kikawa kinanirudia kila nikigeukia ubavu wa kulia kitandani. Sasa kuzunguka kumepungua, lakini mchana kutwa najiona naelea, na nikitazama khanga zilizotundikwa dukani nataka kuanguka. Nimepima presha, sukari, damu na malaria, vyote safi. Dawa ya kizunguzungu huu mwezi wa nne nameza. Nimenunua mashine ya presha, napima asubuhi, mchana na usiku. Mume akilala nachukua simu nasoma habari za uvimbe wa ubongo. Marehemu mjomba wangu aliondoka kwa kiharusi. Jirani anasema nina jini, mume anasema najitakia. Baiskeli nimeiacha. Je, na duka nifunge?
Mama Khanga, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na neno la mumeo, maana naona ndilo lililokuchoma: hujitakii. Vipimo ulivyofanya vimesema kuhusu presha, sukari, damu na malaria basi. Hakuna hata kimoja kilichoangalia sikio, na barua yako yote inanipeleka sikioni.

Katika kazi ya uuguzi, mgonjwa akija na kizunguzungu tulimuuliza kwanza: ni chumba kinachozunguka au wewe unaelea? Kinaanza ukifanya nini, na kinadumu muda gani? Wewe umejibu kabla hujaulizwa. Kuzunguka kunakoanza kichwa kinapoinama, kinapoinuka au kinapogeuka kitandani, kisha kukaisha ndani ya dakika moja, mara nyingi kunatokana na chembe ndogo za chokaa zilizomo ndani ya sikio. Kazi yake ni kuujulisha mwili umekaaje. Zikibanduka zikaingia kwenye mifereji ya sikio la ndani, kila ukigeuza kichwa zinayasukuma majimaji ya humo, na ubongo unapata habari kwamba unazunguka ilhali umetulia. Hali hiyo si uvimbe wala kiharusi.

Haionekani kwenye damu. Daktari anakuketisha kitandani, anakigeuza kichwa upande mmoja, anakulaza chali kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo, huku anayatazama macho yako. Macho yakichezacheza, anaendelea hapo hapo kukugeuza hatua kwa hatua kwa utaratibu wa daktari Mmarekani, John Epley, hadi chembe zirudi zilikotoka. Ni shughuli ya dakika chache, haina sindano wala kidonge, ingawa wengine hurudiwa zaidi ya mara moja. Nenda Hospitali ya Bombo, uulizie daktari wa masikio, pua na koo. Mweleze ile sijda na ule ubavu wa kulia kama ulivyonieleza mimi. Kwa sasa, sijda ikikuzidi, mgonjwa ameruhusiwa kuswali ameketi.

Huku kuelea kwa mchana kutwa ni jambo jingine, na hapo ndipo hofu ilipoingia. Baada ya mshtuko wa kwanza ubongo unakaa macho kama mlinzi aliyekwisha kuibiwa: kila kutikisika kidogo anapiga kelele. Shingo inakakamaa, miguu inakaza, na mwili unaacha kuliamini sikio unategemea macho. Sasa mweke mtu wa namna hiyo mbele ya ukuta wa khanga, pindo juu ya pindo, vitone, mistari, korosho, na feni inazipepea! Mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa wa Jumuiya ya Bárány, wanaoshughulikia kizunguzungu, waliiwekea hali hii vigezo: kuelea au kuyumba siku nyingi kwa miezi mitatu au zaidi, kukizidi mtu akisimama, akitembea au akitazama vitu vyenye michoro mingi. Inatibika kwa mazoezi, kwa ushauri wa kisaikolojia, na wengine kwa dawa atakazoandika daktari.

Mashine ya presha mpe dada yako akae nayo. Unaipima kwa sababu una hofu, hofu nayo inaipandisha, ukiona imepanda unapima tena. Simu ni hivyo hivyo: inakutuliza robo saa, kisha inakupa ugonjwa mpya wa kuutafuta. Usiku ukishikwa, ukahisi midomo na vidole vinafanya ganzi, jua unapumua haraka mno, na kupumua huko peke yake kunatosha kuleta kisunzi. Pumua taratibu kwa pua, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Vidonge vya kizunguzungu vinafaa siku chache za kutapika na kuzunguka sana. Miezi minne ni mingi, kwa kuwa vinauchelewesha ubongo kujizoesha. Muulize daktari namna ya kuviacha. Kwa la jirani, kisomo kikikutuliza, soma, sikukatazi. Lakini usikubali kufungiwa chumbani na moshi wa mafusho, nao unazungusha kichwa.

Usingoje miadi ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, ulimi mzito, kuona vitu viwili, kuzimia, maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla kwa ukali usioujua, kushindwa kutembea, au sikio moja kuziba ghafla. Hapo ni hospitali saa ile ile. Usipoyaona hayo, usijikague.

Duka usilifunge. Kila ukijificha na kinachokuyumbisha, ubongo unathibitisha kwamba ni hatari. Anza asubuhi wateja hawajawa wengi: tundika khanga doti chache, simama mbele yake, zitazame huku unageuza kichwa polepole kulia na kushoto. Utaelea kidogo, usikimbilie kiti, subiri kupungue. Kesho yake ongeza doti. Baiskeli ndiyo isubiri hadi sikio litibiwe, maana barabarani kuna bodaboda. Na siku ya kwenda Bombo nenda na mumeo, ayasikie haya kwa daktari mwenyewe.