Je, Yafaa Nionekane Mtandaoni Ninapouza Mitandio?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Niko Mombasa, nauza mitandio na madera kupitia Instagram. Huuvaa mtandio mwenyewe nikaonyesha unavyofungwa, uso ukiwa wazi. Shemeji yangu asema mwanamke wa heshima haonekani mtandaoni. Wenzangu wa biashara wasema nisipotumia filta ya kung'arisha uso sitauza. Nimsikilize nani?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Dada yangu, shemeji yako na wenzako wanaonekana kupingana, lakini wote wamekufanya sura tu: mmoja anataka ifichwe, wengine wanataka ipambwe, na hakuna aliyeuliza kama bidhaa yako ni ya halali na maneno yako ni ya kweli.

Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Mtume (s.a.w.) alikuwa amempakia nyuma yake al-Fadhl bin Abbas, kijana mzuri wa sura. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza kama anaweza kumhijia baba yake, mzee asiyeweza kukaa juu ya kipando. Al-Fadhl akawa anamtazama, uzuri wake ukampendeza. Mtume akamshika al-Fadhl kidevu, akamgeuza uso upande mwingine, kisha akamjibu yule mama kwamba ndiyo, anaweza. Hakumfukuza, wala hakumwambia akamtume mwanamume amuulizie. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, nami huwasomea vijana wa kiume kila ninapoulizwa jambo hili, kwa kuwa Suratun Nur nayo imeanza na macho ya wanaume, aya ya 30, kabla ya kuwaamrisha wanawake katika aya ya 31.

Aya hiyo ya 31 inabaki juu yako: nguo isibane wala kuonyesha mwili, nywele na shingo zisitirike hata unapofundisha kufunga mtandio. Kuhusu uso, wanazuoni wamekhitilafiana, na katika madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi wa pwani, wamo walioona ufunikwe. Ukiuacha wazi kwa kauli ya walioruhusu, shemeji hana haki ya kukuvunjia heshima.

Filta siiafiki. Inayong'arisha uso hufifisha na rangi ya kitambaa, mteja akaagiza zambarau akapokea rangi nyingine, na hiyo ni ghushi: Mtume alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamlaumu muuzaji kwa kutokuweka chakula kilicholowa juu watu wakakiona. Tena, anayekwambia weusi wako hauuzi anadharau umbile ambalo Allah amelisifu katika Suratut Tin.

Ama anayeandika chini ya picha yako kwamba wewe ni malaya, ajue kuwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi asilete mashahidi wanne, Qur'ani imemwekea viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi. Mfutie maneno yake, mfungie, uendelee kuuza.

Wallahu aalam.