Kusoma ishara za vihisi vya nuru vilindini
Ndugu, umeuliza kama saketi ya kurekodi umbo zima la kila mpigo wa umeme utokao kwenye kihisi cha nuru iwekwe ndani ya tufe la kioo linalobeba vihisi hivyo chini ya bahari. Nakushauri usiiweke. KM3NeT, darubini ya chini ya bahari ya kunasa chembe ziitwazo neutrino, katika sehemu yake iliyo karibu na Sicily ina vihisi 31 katika kila tufe, kwenye kina cha takribani mita 3,500 ambako fundi hafiki; kwa hiyo hurekodi tu wakati mpigo ulipovuka kizingiti (kiwango cha nguvu kilichowekwa) na muda uliodumu juu yake, kwa hatua za nanosekunde 1, kisha data hupelekwa nchi kavu. Zingatia sana nuru itokanayo na potasiamu-40 (atomi nururifu zilizomo katika maji ya bahari) na ya viumbe wa baharini: kila kihisi kiwekewe kikomo chake cha wingi wa mipigo, kisije kikafurika na kuziba njia ya vingine. Programu ya saketi za ndani ya tufe ibadilishwe kutoka ufukweni, lakini toleo la awali lisifutwe kamwe, ili lirudiwe jipya likishindwa.