Wakaguzi wamebeba dawa dukani bila kuacha karatasi

Dada wa Mbagala, pole. Umeuliza kama wakaguzi walikuwa na haki ya kufungua stoo ya duka lako la dawa bila hati ya mahakama, na ufanyeje kuhusu maboksi waliyoondoka nayo.

La stoo usilipotezee nguvu. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, Sura ya 219, inamruhusu mkaguzi kuingia kwenye biashara saa za kawaida, kukagua, kuchukua sampuli na kuzuia mali anayoitilia shaka. Kumzuia ni kosa, hata kama dawa zako zote ni halali. Kitambulisho cha kazi, hicho unaruhusiwa kukidai.

Penye hoja ni karatasi. Kwenye upekuzi wa jinai, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayekamata mali atoe stakabadhi yenye saini yake, ya mwenye eneo, na ya mashahidi kama wapo. Tena "maboksi mawili ya dawa" haitoshi: yaandikwe majina ya dawa, namba za toleo, tarehe za kuisha muda na idadi. Vinginevyo, kesho kikitajwa kidonge ambacho hukuwahi kukiuza utakikanaje?

Leo hii kaa na ankara za manunuzi, orodhesha kilichoondoka, andika barua ya kudai stakabadhi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukiombwa "ya kumalizana", yaani rushwa, piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Ukiitwa polisi kutoa maelezo ya onyo (maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake), usisaini chochote kabla ya kuonana na wakili.